Kubofya Si Kujua: Somo la Maktaba Mtandaoni Katika Vyuo vya Uganda

Mwanzoni mwa Julai 2022 habari zilienea kote kwamba Uganda imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Magrupu ya WhatsApp yakawaka moto, huku pongezi, kule malalamiko. Katika makelele yote hayo ilikuwa nadra kumkuta mtu aliyefungua Katiba. Angeifungua, angekuta ibara ya 6, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, ilishasema kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, ya kutumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Kilichotokea mwaka 2022 ni kwamba Baraza la Mawaziri liliridhia kutekeleza uamuzi wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hiyo, likapendekeza pia ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hayo ni mambo mawili, yametengana kwa miaka kumi na saba, lakini kwenye simu za watu yakawa jambo moja.

Katiba ya Uganda inasomwa mtandaoni bure. Simu ileile iliyopokea habari ndiyo ingeweza kuifungua, na bando lilelile lingetosha. Kilichopungua hapo hakikuwa kifaa wala mtandao. Kilichopungua ndicho wakutubi wanachokiita ujuzi wa taarifa, na ndicho maktaba za vyuo vyetu zinachojaribu kukifundisha kwa njia ya mtandao tangu masomo yalipohamia huko.

Jambo hili linazungumzwa sana na kueleweka kidogo. Mzazi akisikia chuo kinafundisha ujuzi wa taarifa mtandaoni anadhani mwanawe anafundishwa kompyuta. Mhadhiri anadhani ni kazi ya mkutubi, ya siku moja, wiki ya kwanza. Mwanafunzi naye anadhani ni ile siku ya kupewa pasiwadi. Tuyafungue haya moja baada ya jingine.

Tunazungumzia nini hasa

Dhana hii inahusishwa na Paul Zurkowski, aliyeiandika Marekani mwaka 1974 akiwa kiongozi wa chama cha makampuni yanayouza taarifa. Mwaka 1989 Chama cha Maktaba cha Marekani kikaipa maana ambayo bado inafundishwa: mtu mwenye ujuzi wa taarifa hutambua pale anapohitaji taarifa, huweza kuitafuta, kuipima, na kuitumia ipasavyo.

Angalia kwamba kompyuta haimo katika maana hiyo. Mtu anaweza kuchapa haraka, kuhariri video, kufungua VPN (programu ya kufikia tovuti zilizofungiwa) kwa sekunde tatu, na bado asiweze kukwambia taarifa aliyoisoma asubuhi ilitoka kwa nani. Upande wa pili, kuna wazee wa vijijini wasiogusa kompyuta ambao huwezi kuwadanganya kuhusu bei ya ng'ombe, maana kabla ya kukujibu wameshapiga simu tatu. Ujuzi wa kompyuta ni kujua kifaa kinavyofanya kazi. Ujuzi wa taarifa ni kujua uamini nini, kwa kiasi gani, na kwa sababu gani. Vyote viwili vinahitajika chuoni, lakini kimoja hakizai kingine.

Katikati yao kuna kitu cha tatu, nacho ndicho kinachofundishwa mara nyingi kwa jina la ujuzi wa taarifa: matumizi ya maktaba. Bonyeza hapa, ingiza namba ya usajili, chagua hifadhidata (mkusanyiko wa majarida mtandaoni), andika neno la kutafuta, pakua. Ni maarifa yanayofaa, siyakatai. Ila mwanafunzi anaweza kuyamaliza yote akarudi na makala isiyohusiana kabisa na swali lake, akainakili, akaandika jina la mwandishi chini yake, akaona amefanya utafiti.

Saa moja ya wiki ya kwanza

Kabla ya Machi 2020, somo la maktaba katika vyuo vingi lilikuwa matembezi. Wanafunzi wapya waliongozwa kati ya rafu, wakaonyeshwa kaunta ya kuazimia vitabu na chumba cha kompyuta, wakaambiwa wasile ndani, wakaenda zao. Vyuo vilipofungwa kwa sababu ya Covid-19 na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu likatoa mwongozo wa kufundisha kwa mbali wakati wa dharura, matembezi yale yalihamishwa kama yalivyo. Rafu zikawa slaidi. Kaunta ikawa picha ya skrini. Wanafunzi mamia wakaingia kwenye kikao cha Zoom, vipaza sauti vimezimwa, nusu yao majina yao ni aina ya simu wanazotumia, mkutubi anaongea peke yake dakika hamsini na mwishoni anauliza, "Kuna swali?" Kimya. Kisha mmoja anaandika: "Rekodi itatumwa?"

Wiki ya kwanza ni wakati mbaya kuliko wote wa kumfundisha mtu kupima chanzo. Mwanafunzi anatafuta hosteli, anakimbizana na namba ya usajili, ada imelipwa nusu, kadi ya utambulisho haijatoka. Hana swali la kitaaluma lolote kichwani. Swali litakuja wiki ya sita au ya saba, mhadhiri atakapotoa kazi ya kozi, na hapo kikao cha Zoom kitakuwa kimesahaulika na rekodi itakuwa imezama kwenye grupu chini ya matangazo ya vyumba vya kupanga.

Je, watu wanaweza kabisa kufundishwa kupima madai, au ni kipaji? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua limetoka hapahapa Uganda. Watafiti wa Makerere, wakishirikiana na wenzao wa Norway, waliandaa masomo ya kuwafundisha watoto wa darasa la tano kupima madai kuhusu tiba: huyu anasema majani haya yanaponya, je, walilinganisha na nini? Jaribio lilihusisha shule 120 za msingi katika eneo la kati la nchi na watoto zaidi ya 10,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet. Kwenye mtihani wa mwisho, asilimia 69 ya watoto waliopata masomo walifikia alama ya kufaulu, dhidi ya asilimia 27 ya wale ambao hawakuyapata. Mwaka mmoja baadaye watoto walipopimwa tena, tofauti ilikuwa bado ipo.

Watoto wa miaka kumi na kitu, wengine katika madarasa yenye msongamano, bila kompyuta hata moja. Kwa hiyo mkutubi anayesema wanafunzi wa siku hizi hawafundishiki atafute hoja nyingine.

Lakini angalia pia gharama ya matokeo yale. Masomo yalikuwa tisa, ya dakika themanini kila moja, yakatandazwa muhula mzima, kila somo likiwa na mazoezi. Sisi chuoni tunataka matokeo ya namna hiyo kwa saa moja ya Zoom. Ukiniuliza mahali pa kuanzia kurekebisha, ningeanzia hapa, kabla ya kununua programu yoyote: somo ligawanywe vipande vidogo, na kila kipande kifike wakati kazi inayokihitaji inatolewa.

Kutoka nje ya ukurasa

Sasa ndani ya vipande hivyo kuwe na nini? Kwa miaka mingi wakutubi duniani wamefundisha orodha ya maswali. Iliyo maarufu zaidi ilitungwa mwaka 2004 na wakutubi wa chuo kikuu kimoja huko Chico, California, na inauliza mambo matano: je, taarifa ni ya karibuni, inahusu ulichotafuta, mwandishi ana sifa, ina usahihi, na imeandikwa kwa lengo gani? Maswali ni mazuri. Tatizo ni kwamba mwanafunzi huyajibu akiwa amekaa palepale kwenye ukurasa anaouchunguza. Anaona nembo safi, tarehe ya juzi, daktari aliyevaa koti jeupe, sehemu ya "Kuhusu Sisi" yenye maneno matamu, anaweka tiki tano. Tapeli naye anaijua orodha hiyo, ameshaijaza.

Familia inapoletewa posa haimuulizi bwana harusi kama yeye ni mtu mwema. Wazee hutuma mtu kijijini kwao akaulize majirani, shule aliyosoma, alikowahi kufanya kazi. Chanzo cha mtandaoni kinachunguzwa vivyo hivyo: unakiacha, unafungua ukurasa mwingine pembeni, unatafuta wengine wanasema nini juu yake.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walilionyesha jambo hili kwa namna ya kufadhaisha. Waliwapa kurasa zilezile watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10 wa vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa Stanford. Mojawapo ya kazi ilikuwa kulinganisha tovuti mbili za madaktari wa watoto Marekani. Moja ni ya American Academy of Pediatrics, chama kilichoanzishwa mwaka 1930 chenye wanachama makumi ya maelfu. Nyingine ni ya American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa sababu za msimamo wa kijamii. Majina yanafanana, na kwa macho tovuti zote mbili zinapendeza. Wahakiki waliondoka kwenye ukurasa karibu mara moja, wakatafuta kwingine, wakajua ukweli kwa muda mfupi. Wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki wakisoma kwa makini kutoka juu hadi chini, na wengi wakadanganyika.

Ndiyo maana sikubaliani na ule usemi kwamba vijana "wamezaliwa na simu" hivyo hawahitaji somo. Wale walikuwa wanafunzi wa chuo kinachosifika duniani, katika eneo lenyewe la makampuni ya teknolojia. Kuzaliwa na simu kunakufanya uizoee. Kuzoea ndiko kunakofanya usiulize.

Mike Caulfield, mwalimu wa Marekani, alilifupisha jambo hili mwaka 2019 kuwa hatua nne, ambazo kwa Kiswahili tunaweza kuzitaja hivi: simama kabla ya kuamini au kusambaza, chunguza chanzo ni nani, tafuta taarifa bora zaidi juu ya jambo hilohilo, fuatilia dai hadi lilikoanzia. Uzuri wake ni kwamba zinafanyika kwenye simu ndogo, kwa dakika chache, na hazihitaji pasiwadi ya mtu.

Zoezi moja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Chukua mwanafunzi wa ualimu anayesomea Kiswahili. Tangu uamuzi wa 2022 mahitaji ya walimu wa lugha hii yamekuwa gumzo, na kazi ya kozi inayopendwa ni historia ya Kiswahili nchini Uganda. Anaandika kwenye Google na kukutana na dai ambalo wengi wetu tumelisikia hata kwenye taksi: Kiswahili kililetwa Uganda na Idi Amin. Limeandikwa kwa kujiamini, limenukuliwa kwingi. Somo la kawaida la maktaba lingemfundisha kupata makala tano zaidi, na si ajabu tatu kati yake zikarudia dai lilelile.

Kipande cha somo kilichotengenezwa vizuri kingemwambia asimame hapo. Dai linaweza kukaguliwa kwa tarehe. Amin alitawala kuanzia 1971 hadi 1979, na mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo dai lina mfupa wa kweli ndani yake, na ndiyo maana linadumu. Sasa swali: je, kuna ushahidi wa Kiswahili Uganda kabla ya 1971? Akitafuta hivyo, anakutana na Gavana William Gowers, ambaye mwaka 1927 alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala, pendekezo lililopingwa vikali Buganda, Kabaka Daudi Chwa akiwa miongoni mwa wapinzani. Akirudi nyuma zaidi anakutana na jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Nyuma zaidi tena kuna wafanyabiashara waliotoka pwani na kufika katika kasri ya Kabaka Ssuuna miaka ya 1840.

Nusu saa tu, na dai limebadilika sura. Amin hakukileta Kiswahili. Alikipa hadhi kwa amri, na yaliyotendwa na askari wa zama zake yakaiachia lugha doa ambalo limechukua miongo kufifia. Sasa mwanafunzi ana swali la kuandikia insha, na hakuwa nalo alipoanza.

Hapo ndipo hifadhidata inapopata kazi. Anahitaji makala za wataalamu kuhusu mjadala wa miaka ya 1920, na mkutubi anaweza kumwelekeza kwenye African Journals Online, mkusanyiko wa majarida ya Afrika ulioanza mwaka 1998, au majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika yanayotolewa na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa maandishi ya Katiba na sheria kuna ULII, tovuti ya taarifa za kisheria za Uganda, isiyodai malipo. Kitufe kilekile kilichokuwa kinachosha wiki ya kwanza sasa kina maana, kwa sababu kuna kitu anachokitafuta.

Zoezi hili haliwezi kutungwa na mkutubi peke yake, lazima akae na mhadhiri wa Kiswahili. Kwa mwanafunzi wa uuguzi dai lingekuwa jingine. Angeweza kupewa matangazo ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Juni 2021 kuhusu Covidex, dawa iliyovuma wakati wa Covid-19: la kwanza likionya kwamba haijaidhinishwa, la mwisho wa mwezi likiiruhusu kama dawa ya mitishamba ya kusaidia matibabu. Yote mawili yalikuwa ya kweli kwa siku yake. Picha zake za skrini zilipotenganishwa na tarehe, kila upande ukapata silaha, na neno "kusaidia" likadondoka njiani likabaki "dawa imepitishwa".

MB ni pesa

Yote haya hayafiki kwa mwanafunzi kama somo halimfikii. Kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, ilianza Julai 2018. Julai 2021 ikaondolewa, na mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye data yenyewe. Mwanafunzi anayenunua bando la siku anahesabu kila MB, na video ya maktaba ya dakika arobaini inashindana na chakula cha jioni. Ataifungua, itazunguka kwa sekunde chache, ataifunga.

Facebook nayo ilifungiwa Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, na miaka iliyofuata watu wameifikia kwa VPN. Bado utakuta maktaba inatangaza mafunzo yake huko, halafu inashangaa hakuna waliohudhuria.

Kinachofanya kazi ni kidogo na chepesi. Sauti ya WhatsApp ya dakika tatu haifiki MB moja. Picha nne za skrini zenye mishale, zikiwa zimepunguzwa ukubwa, zinaeleza hatua zote za kuingia kwenye hifadhidata. Vyuo vinavyotumia Moodle, programu ya kufundishia mtandaoni, kama Makerere na mfumo wake wa MUELE, vinaweza kuweka vipande vya somo ambavyo mwanafunzi anavipakua kwenye programu ya simu akiwa chuoni, akavisoma hosteli bila mtandao. Na wanachuo ambao taasisi zao zimeunganishwa na RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, wana eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya taasisi za elimu: ukishasajiliwa chuoni kwako, simu inajiunga yenyewe ukifika taasisi nyingine yenye huduma hiyo. Inasikitisha ni wangapi wanapita chini ya mtandao huo wakinunua bando.

Pasiwadi pia. Wengi wanaamini majarida ya kitaaluma yanauzwa ghali na hayafikiki kwetu. Kwa mtu binafsi ni kweli, makala moja inaweza kuuzwa dola thelathini au zaidi. Lakini vyuo vya Uganda vinajiunga kupitia muungano wa maktaba za vyuo vikuu, CUUL, na kupitia Research4Life, mpango ulioanza na majarida ya afya mwaka 2002 kwa jina la Hinari, ukaongeza kilimo, mazingira, teknolojia na, mwaka 2018, sheria. Uganda iko katika kundi la nchi ambazo taasisi zake huingia bila malipo. Mwanafunzi anayeona kikwazo cha malipo akiwa nyumbani kwa kawaida hajaingia kwa akaunti ya chuo. Tovuti haijui yeye ni nani. Sentensi hiyo moja, ikitumwa wiki ya kazi ya kozi, ina faida kuliko slaidi ishirini za wiki ya kwanza.

Imani chache za kuondoa

"Tovuti ikiishia na .org ni ya kuaminika." Mtu yeyote mwenye pesa kidogo anaweza kuisajili. Tofauti ni .go.ug, iliyotengwa kwa serikali ya Uganda, na .ac.ug kwa vyuo. Anwani isomwe mwishoni mwa jina, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaolifuata. Ujumbe wa mkopo wa wanafunzi wenye kiungo kilichoandikwa HESFB, kifupi cha Bodi ya Mikopo, mwanzoni, kistari, neno jingine, kisha .com, hautoki kwenye Bodi hiyo hata kama nembo imebandikwa juu.

"Wikipedia hairuhusiwi." Haifai kunukuliwa kama ushahidi katika insha. Kama mahali pa kuulizia majirani, hasa kujua taasisi fulani ni ya nani, inafaa sana, na wale wahakiki wa Stanford waliitumia bila aibu.

"Ikiwa ni PDF yenye marejeo, ni ya kitaaluma." Kuna majarida yanayomtoza mwandishi pesa na kuchapisha chochote bila kupitiwa na wataalamu, na PDF zake zinapendeza. Jina la jarida lichunguzwe nje ya jarida.

Na sasa akili mnemba. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na wanafunzi waliipata kabla ya wahadhiri wao. Dhana potofu iliyo kubwa ni kwamba kila mara inatafuta majibu mahali fulani kama mkutubi anavyokwenda rafuni. Kazi yake ya msingi ni kutunga maneno yanayoelekea kufuatana, na kwa hiyo inaweza kutunga rejeo lenye mwandishi, mwaka, jarida na kurasa, ambalo halijawahi kuwapo. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa hivyo. Kupiga marufuku hakusaidii sana, maana hakuna anayeweza kukagua simu za watu. Zoezi ni jepesi: mpe mwanafunzi orodha ya marejeo matano yaliyotolewa na programu hiyo, mwambie atafute kila moja kwenye Google Scholar na kwenye tovuti ya jarida lenyewe. Anayekuta hata mawili hayapo hahitaji hotuba.

Nani afanye, na tutajuaje imefaa

Uganda haina uhaba wa mapokeo hapa. Shule ya ukutubi ya Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, imetoa wakutubi kwa miongo sita. Kinachowakwaza wengi ni nafasi yao chuoni: wanaalikwa kuonyesha maktaba, hawaalikwi kwenye kikao kinachopanga kazi za kozi. Mpaka mhadhiri atenge alama, hata tano tu kati ya mia, kwa jinsi mwanafunzi alivyochunguza vyanzo vyake, somo litabaki hiari, na kisicho na alama wanafunzi wetu wanajua pa kukiweka.

Kuhusu kupima, idadi ya waliohudhuria Zoom haitwambii kitu, wala fomu ya kuuliza kama somo lilikufurahisha. Mkutubi aombe insha ishirini za mwaka uliopita na ishirini za mwaka huu kutoka kozi ileile, afungue ukurasa wa mwisho wa kila moja, ahesabu vyanzo vinavyopatikana kweli na vile vinavyounga mkono kinachodaiwa. Aongeze jaribio fupi: kiungo kimoja na dai moja, mwanafunzi aandike alifungua nini kulikagua na kwa nini. Jaribio hilo litolewe mara mbili, na la kwanza litolewe kabla ya kipande cha kwanza cha somo kutumwa, la sivyo hakutakuwa na cha kulinganisha nacho mwisho wa muhula.